Ngapi Zimekufa?

Mwalimu wangu wa hadubini hakuwa mtu wa kuanza na maelezo. Aliweka slaidi, akarekebisha mwanga, akasogea pembeni kunipisha, kisha akauliza: "Haya binti, zinazogawanyika ngapi? Na zilizokufa ngapi?"

Swali la kwanza halikuwa gumu. Seli inayogawanyika haijifichi. Kromosomu zake zimekolea rangi, zimejipanga mstari katikati au zimeshavutwa pande mbili, na jicho linaiona hata kabla hujaitafuta. La pili ndilo lililonitoa jasho. Seli iliyokufa kwa utaratibu ni kitu kidogo. Imejikunyata na kujitenga na jirani zake, saitoplazimu yake imekuwa ya waridi iliyokolea, kiini kimekaza na kuwa cheusi, pengine kimekatika vipande viwili vitatu vya mviringo. Haivuji wala haileti usaha. Baada ya saa chache seli za jirani zinaimeza, na mahali pale hutaona tena alama yoyote. Ukichelewa kutazama, umeikosa.

Mzee huyu alisomea udaktari Makerere miaka ya 1960, akabobea katika patholojia, na mimi nilimkuta katika hospitali moja ya rufaa kaskazini mwa Tanzania nilipoajiriwa kama fundi wa kukata na kupaka rangi vinyama vinavyotoka wodini na chumba cha upasuaji. Kazi yangu ilikuwa bloku za nta, mikrotomu na chupa za rangi. Kusoma slaidi ilikuwa kazi yake. Lakini hakuvumilia kuona mtu anakata kitu asichokielewa, kwa hiyo jioni wagonjwa wakipungua alituketisha mmoja mmoja kwenye hadubini yake yenye viti viwili, tukahesabu.

Alitaka tuanze na tumbo lenye afya kabla ya kuona lolote lenye ugonjwa. Watu wengi wanaposikia kifo cha seli wanadhani ni jambo baya, kumbe mwili wa mtu mzima unaishi kwa sababu seli zake zinajua kufa. Seli za juu za utando wa tumbo hukaa siku chache tu. Zinapigwa na asidi, zinachakaa, zinadondoka, na nyingine zinapanda kutoka kwenye shingo za tezi kushika nafasi zao. Ukihesabu zinazozaliwa na zinazokufa, hesabu inalingana. Ndiyo maana utando wa tumbo la mtu wa miaka sitini si mnene kuliko wa kijana.

Hesabu hiyo ilichelewa kuingia katika sayansi ya saratani. Mwaka 1972, John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walichapisha makala wakieleza kwamba kuna kifo cha seli chenye mpango, ambacho wao walikiita apoptosisi, na kwamba ukubwa wa uvimbe unatokana na pande zote mbili, kuzaliwa na kufa. Kisha mwaka 1988, huko Melbourne, David Vaux na wenzake wakaonyesha kwamba jeni iitwayo bcl-2, iliyokuwa imeonekana katika saratani ya damu na tezi, haiifanyi seli igawanyike haraka. Inaizuia isife, basi. Mzee wetu alilirudia jambo hilo mara nyingi, na kila mara kwa msisitizo uleule, kwa sababu aliliona kuwa limebadilisha kila kitu: uvimbe unaweza kuongezeka bila kuwa na haraka yoyote. Inatosha ukatae kufa.

Kwenye kabati lake alikuwa na sanduku la slaidi za zamani alizokuja nazo kutoka Kampala. Nyingi zilikuwa za taya za watoto. Hizi alizishika kwa heshima ambayo sikuwahi kumwona akiionyesha kwa kitu kingine pale maabara. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland ya Kaskazini aliyekuwa na jicho moja, alianza kuwaona watoto hao pale Mulago mwaka 1957, taya zimevimba, meno yanacheza, na mwaka 1958 akaandika juu yao. Mwaka 1961 alifunga safari na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, ndani ya gari kuukuu aina ya Ford, wakateremka kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, wakisimama hospitali baada ya hospitali na kuuliza: je, ugonjwa huu mnao? Walipita na kwetu Tanganyika. Burkitt alitaka kujua mpaka wa ugonjwa, na mpaka huo ulifuata joto na mvua, jambo lililomfanya afikirie kwamba kuna kiumbe kinachousambaza.

Ukiweka slaidi ya uvimbe ule chini ya lenzi, unaona seli za bluu zilizobanana, zote zinafanana, zinazogawanyika zimejaa kila upande. Uvimbe huo unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Lakini katikati ya bluu hiyo kuna matundu meupe yaliyotawanyika, na wataalamu wa patholojia wote duniani wanaiita sura hiyo anga lenye nyota. Kila nyota ni seli kubwa mlaji, na ndani ya tumbo lake kuna vipande vyeusi vya seli zilizokufa. Yaani uvimbe unaokua kwa kasi kuliko karibu yote inayojulikana ndio huohuo uliojaa maiti. Jeni ya MYC, ambayo katika ugonjwa huu imehamishwa kutoka mahali pake, inaisukuma seli igawanyike, na kwa msukumo huohuo inaifanya iwe karibu na kifo. Mzee alinihesabisha pande zote mbili hadi macho yakauma.

Virusi vilipatikana ndani ya ugonjwa huo. Mwezi Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London, na miongoni mwa waliokaa kumsikiliza alikuwapo mtafiti aitwaye Anthony Epstein. Wakapatana: Kampala itatuma vinyama, London itatafuta. Kwa muda mrefu hawakuona kitu. Kisha tarehe 5 Desemba 1963 ndege iliyobeba kinyama kutoka Entebbe ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Kilipomfikia Epstein, majimaji kwenye chupa yalikuwa yamechafuka, na mtu mwingine angeyamwaga akidhani ni bakteria. Epstein aliweka tone chini ya hadubini. Akaona seli za uvimbe zikielea, zikiwa hai. Zilikuwa zimepukutika njiani kwa mtikisiko na hazikufa. Alifanikiwa kuzikuza ndani ya maabara, na mapema mwaka 1964 hadubini ya elektroni ikawaonyesha yeye, Bert Achong na Yvonne Barr virusi ambavyo leo vinabeba majina ya wawili kati yao, Epstein-Barr, au EBV kwa kifupi. Epstein alifariki Februari 2024 akiwa na umri wa miaka 102.

Virusi hivyo tunavyo karibu sote. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wameambukizwa, kwa mate, na katika nchi zetu mtoto huvipata akiwa bado mdogo sana, kwa kulishwa, kubusiwa na kuchangia kikombe. Vinaingia, vinajificha ndani ya chembe nyeupe za damu, na kwa wengi havileti neno maisha yote. Miaka mingi sisi wa huku tuliviweka katika kundi moja na taya za watoto, na hapo tukaishia. Kwamba vinaweza kukaa ndani ya tumbo la mtu mzima mimi nililijua kupitia shangazi yangu.

Shangazi aliishi mlimani, mtu wa migomba na ng'ombe wawili wa ndani, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika hadi barabarani. Alianza kulalamika kiungulia na chakula kukataa kushuka. Akaambiwa ni vidonda vya tumbo. Nani kwetu hajawahi kuambiwa hivyo? Akatafuna vidonge vya magnezia, akanunua omeprazoli duka la dawa bila cheti, akanywa mshubiri na mwarobaini, akaacha maharage, akaacha pilipili. Msimu wa mahindi ukapita, ukaja mwingine. Nguo zikaanza kumpwaya. Zahanati moja baada ya nyingine ilimwongezea vidonge vilevile, na hakuna aliyemwambia ameze mpira wa kamera. Nilipokwenda kumsalimu sikukuu nikampa shikamoo, aliitikia marahaba kwa sauti ambayo sikuizoea, nikaona mifupa ya mabega. Nilimshusha mjini wiki hiyohiyo.

Kipimo cha kwanza, katika hospitali ambayo sina haja ya kuitaja, kilichukua vinyama kutoka sehemu ya juu ya tumbo, na majibu yakasema ni uvimbemoto tu wa utando. Hapo palikuwa na jambo la kueleweka. Kinyama kilikuwa kimejaa limfosaiti, yaani zile chembe nyeupe za ulinzi, kiasi kwamba mtu mwenye haraka angeona ulinzi na asione adui. Mzee wetu aliomba bloku iletwe kwake. Akaniambia nikate kipande kipya cha mikroni 4, tukakipaka rangi ya kingamwili inayotafuta keratini, protini ya seli za utando. Zikajitokeza: seli moja moja, vikundi vidogo vidogo vya seli mbili tatu, zimepotea katikati ya limfosaiti. Ilikuwa saratani.

Mzee hakusema kitu kwa muda. Kisha akauliza lile swali lake la siku zote, lakini safari hii hakuwa ananifundisha. Alikuwa anajiuliza mwenyewe. Tulihesabu wote wawili. Zinazogawanyika zilikuwapo, si nyingi. Zilizokufa tulizitafuta kwa subira, uwanja baada ya uwanja, na zilikuwa adimu. Hapakuwa na nyota hata moja. Na huku zimezungukwa na jeshi la chembe ambazo kazi yake ni kuua! Hilo ndilo lililomshangaza. "Zimezingirwa na hazifi," alisema. Alikuwa amesoma kwamba Wajapani walikuwa wanaona saratani za tumbo za namna hii, zenye limfosaiti nyingi, zikiwa na EBV ndani yake.

Mwenzetu mmoja aliyekuwa anakwenda Japani kusoma alibeba slaidi. Kule wana kipimo kinachotafuta RNA ndogo ndogo za virusi, ziitwazo EBER, ambazo hukaa kwa wingi ndani ya kiini cha seli yenye EBV. Picha zilirudi kwa barua pepe. Viini vya seli za saratani vilikuwa vyeusi vyote, kimoja baada ya kingine, na limfosaiti zilizozizunguka zilikuwa safi. Picha ile bado ninayo. Hakukuwa na seli ya saratani iliyokosa virusi. Watafiti wa Japani walishaonyesha mwaka 1994 kwamba virusi vya ndani ya uvimbe mmoja wa namna hii vyote ni uzao wa kirusi kimoja kilichoingia katika seli moja. Maana yake virusi vilikuwapo tangu uvimbe unaanza. Havikuja baadaye kama wageni wa msibani.

Baada ya hapo nilisoma kila nilichoweza kukipata, na mzee akiwa tayari amestaafu nilimpelekea nyumbani karatasi nilizochapa. Tafiti za Kijapani za miaka ya 1990 zilikuwa zimehesabu kile tulichohesabu sisi: katika saratani ya tumbo yenye EBV, seli zinazokufa kwa apoptosisi ni chache kuliko katika saratani za tumbo zisizo na virusi. Moja ya tafiti hizo, ya 1999, ilikuta pia protini ya bcl-2 imezidi. Kasi ya kugawanyika haikuwa ndiyo sifa ya uvimbe huu.

Namna virusi vinavyofanya hivyo imefahamika kidogo kidogo. Ndani ya seli ya tumbo EBV haingurumi. Inatoa protini chache sana, kwa sababu kila protini inayotolewa ni shabaha kwa limfosaiti. Moja, EBNA1, inashikilia jenomu ya virusi isipotee seli inapogawanyika. Nyingine, LMP2A, inaamsha njia ya NF-kB ndani ya seli, na njia hiyo inapandisha survivini, protini inayozuia kifo. Halafu kuna RNA fupi fupi za kundi la BART ambazo hazitengenezi protini yoyote, hivyo kinga haizioni. Mojawapo, BART5, inaikaba PUMA, ambayo ni miongoni mwa wajumbe wanaoiamrisha seli ife. Na zaidi ya hayo, seli yenye EBV hufunga jeni zake nyingi kwa alama za kemikali zinazoitwa methili. Breki za mgawanyiko kama p16 zinazimwa bila kuvunjwa. Mradi mkubwa wa Marekani wa kusoma jenomu za saratani, uliochapisha matokeo ya vivimbe 295 vya tumbo mwaka 2014, ulikuta karibu asilimia 9 vina EBV, ukaviweka kuwa aina yake ya pekee, na kuona kwamba hakuna saratani nyingine iliyochunguzwa na mradi huo iliyokuwa na kiwango kikubwa hivyo cha methili.

Katika vivimbe hivyohivyo walikuta jambo jingine ambalo kwangu ndilo zito zaidi: katika baadhi yake, sehemu ya jenomu inayobeba jeni za PD-L1 na PD-L2 imerudufiwa. Hizi ni protini ambazo seli huzionyesha kwa limfosaiti kuziambia zisishambulie. Nilipolisoma hilo nilikumbuka maneno ya mzee kwamba zimezingirwa na hazifi. Limfosaiti zilikuwa zimefika. Ziliamriwa zisimame. Na ndiyo maana dawa zinazoondoa amri hiyo zimewafaa baadhi ya wagonjwa hawa. Katika utafiti wa Korea Kusini uliochapishwa 2018, wagonjwa wote 6 wenye EBV waliopewa pembrolizumabu, moja ya dawa hizo, waliitikia. Sita ni wachache mno kujengea sheria, na tafiti za baadaye hazikuwa na matokeo mazuri kiasi hicho, lakini katika saratani ya tumbo iliyosambaa hiyo si habari ya kupuuza.

Shangazi alifanyiwa upasuaji. Kabla hajaingia aliniuliza swali ambalo madaktari hawakuwa wamelijibu: "Mwanangu, hilo dude linakua, au limelala?" Nilimwambia linakua polepole. Akasema, "Basi si baya." Nikamshika mkono nikamweleza ukweli, kwamba ubaya wake hauko kwenye mwendo, uko kwenye kukataa kufa, na ndiyo sababu litolewe leo. Alinielewa haraka kuliko wanafunzi wengi niliowafundisha baadaye. Aliishi miaka kadhaa ya kula vyakula laini kidogo kidogo, akaona wajukuu wakioa, kisha ugonjwa ukarudi kwenye ini na hatukuwa na dawa ya kumpa. Wagonjwa wenye aina hii kwa jumla huishi muda mrefu zaidi kuliko wenye saratani nyingine za tumbo. Yeye alipata sehemu ya muda huo. Angepata zaidi kama asingetafuna magnezia misimu miwili.

Tangu hapo ninafundisha kwa namna alivyonifundisha mzee. Siku hizi maabara nyingi zina kingamwili ya Ki-67, inayopaka rangi seli zilizo kwenye mzunguko wa kugawanyika, na vijana wanaandika asilimia yake kwenye majibu kana kwamba ndiyo habari yote. Ninawauliza kuhusu upande wa pili. Ki-67 ya chini katika tumbo lenye limfosaiti nyingi isimfariji mtu. Daktari wa wodi akisoma kwamba kasi ni ndogo, atapanga tarehe ya mbali, na mgonjwa wetu ni mtu ambaye tayari amechelewa kwa mwaka mzima. Dawa nyingi za kemikali tunazotumia kuua saratani zinategemea seli iwe bado inaweza kuitikia amri ya kufa. Iliyozibwa masikio dhidi ya amri hiyo itazivumilia.

Lipo pia jambo linaloniuma. Virusi hivi viligunduliwa kutokana na kinyama kilichokatwa kwa mtoto wa Uganda. Kilimanjaro, Rwanda, Burundi, Kivu na kusini-magharibi mwa Uganda ni sehemu ambazo saratani ya tumbo imejulikana kwa miongo mingi kuwa ya kawaida kuliko maeneo ya tambarare yanayozizunguka. Lakini bloku ya shangazi yangu ilibidi ivuke bahari ili jina la ugonjwa wake likamilike. Kipimo cha EBER si cha anasa. Hakihitaji mashine ya kusoma jenomu. Kinahitaji bloku nzuri, kemikali, joto la kupimwa, na fundi aliyefundishwa. Mafundi tunao. Duniani kote saratani ya tumbo iliwapata watu wapatao 968,000 mwaka 2022 na kuua wapatao 660,000, na katika kila kumi wenye ugonjwa huo karibu mmoja ana virusi hivi. Hospitali zetu za rufaa zinazojenga vitengo vya saratani zikiweka kipimo hiki kwenye orodha ya manunuzi, tutajua wetu ni wangapi, na tutakuwa na hoja ya kudai dawa zinazowafaa.

Na wewe unayesoma: kama tumbo limekusumbua kwa wiki na wiki, kama chakula kinakwama, unapungua uzito bila sababu, unatapika damu, choo kimekuwa cheusi kama lami au umeambiwa damu imepungua na hakuna anayejua inakwenda wapi, usinunue tena dawa ya vidonda. Nenda hospitali yenye kamera, mwambie daktari unataka kuangaliwa ndani ya tumbo. Wakichukua kinyama, uliza majibu yatatoka lini na urudi kuyafuata mwenyewe. Yakisema ni uvimbemoto tu na wewe bado unakonda, omba bloku yako isomwe na mtaalamu wa pili. Bloku ya nta hutunzwa miaka mingi, na kuomba isomwe upya ni haki yako.